Nilihesabu magunia ya watu, damu yangu sikuihesabu

Hii stori nimekaa nayo karibu miaka mitatu bila kuiandika. Siyo kwamba naona aibu, aibu iliniisha siku ile nilipoanguka mbele ya makuli, ila nilikuwa sijui nianzie wapi. Juzi dada mmoja kanitumia meseji saa sita usiku, anasema yuko siku ya 12 damu ya hedhi haikati na siku hizi hapitishi siku bila kutafuna mchele mbichi. Nikasema basi, ngoja niandike yote.

Mie ni mtu wa Tanga mjini, nimezaliwa Ngamiani na ndipo nilipo mpaka leo. Kazi yangu karani wa stoo kwenye duka la jumla, unga, mchele, sukari, mafuta ya kula. Lori likiingia nasimama mlangoni na daftari, kila kuli anayepita na gunia nachora mstari, ikifika mitano naifunga, naanza mingine. Gunia moja likipungua najua kabla bosi hajajua. Nalisema hili mwanzoni kabisa mana ndilo linaloniuma kuliko yote, miaka miwili nahesabu mizigo ya watu sikosei hata kilo na sikuwahi kukaa chini siku moja nikahesabu nimetumia pedi ngapi.

Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita. Bibi akaniitia somo wa kunifunda, mama mtu mzima wa Makorora, na kiukweli alinifunza mengi mazuri, kuoga, kujistiri, kufua, kujiheshimu. Lakini katika kila alilonifunza neno lililorudi rudi ni kuficha. Kitambaa kisionekane, kisianikwe uani, mwanaume asijue uko mwezini, hata baba yako asijue. Chuoni, yaani madrasa, nako tukasoma, kwa madhehebu yetu ya Shafii uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, kawaida yake siku 6 au 7, wingi wake siku 15, ikizidi hapo hiyo ni istihadha, unajisafisha, unajifunga vizuri na unatia udhu kwa kila swala ya faradhi. Hiyo naweza kukusomea sasa hivi bila kutazama kitabu. Sasa hesabu ile ni ya ibada, mie nikaigeuza kuwa hesabu ya afya. Damu ikifika siku ya 11 najiambia sijafika 15, niko sawa. Hakuna aliyenidanganya. Ila pia si nyumbani, si shuleni, si chuoni, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia kwamba damu ya hedhi ina kiasi chake na ukipita kiasi hicho wewe ni mgonjwa.

Mambo yalianza kubadilika mwanangu alipofika miaka mitatu. Siku 5 zikawa 7, zikawa 9, zikawa 11. Pedi nne kwa siku zikawa nane au tisa, na ndani ya pedi naongeza kipande cha kanga. Yakaanza kutoka mabonge. Kazini navaa baibui jeusi na ndani taiti mbili, kwenye daladala hata siti ikiwa wazi nasimama, nikilala natandika nailoni chini ya shuka. Ukiniuliza nilionaje hali hiyo nitakwambia niliona ni kawaida, kwa sababu mama alinambia, "Hilo chango mwanangu, hata mie nilikuwa nalo, ukizaa tena litatulia." Na mama yangu hakuwa mtu wa kusema uongo, kweli alikuwa nalo, maskini, alivumilia mpaka alipokoma hedhi, na leo najiuliza alikuwa anaumwa nini yule mama miaka yote ile.

Nikanunua dawa ya chango, chupa 15,000, nikanywa chupa nne. Sisemi dawa za miti zote mbaya, bibi yangu katulea kwa hizo. Nasema nilikuwa natibu kitu ambacho hakuna aliyekiangalia. Nikaenda duka la dawa, nikaelezea kwa aibu nusu nusu, naumwa chini ya kitovu, naenda sana chooni, basi nikaambiwa UTI sugu, nikauziwa dawa za 38,000, nikazimaliza zote na damu iko pale pale. Halafu rafiki yangu mmoja tunasukana saluni akanitajia vidonge vya homoni vya kukata damu. Vilinigharimu 24,000 na vilikata kweli, nikafurahi mno, nikaviacha, siku ya tatu damu ikarudi mara mbili ya ile ya mwanzo. Baadaye daktari ndo kanielewesha kwamba dawa hizo zipo na zinafaa, ila zinatolewa kwa mpango na kuna wanawake kwa hali zao hawatakiwi kuzigusa. Mie nilimeza kwa maneno ya saluni. Ukijumlisha hapo ni 122,000 nimetoa. Kipimo cha wingi wa damu nilikuja kukilipia 5,000, utrasaundi 20,000. Elfu 25 tu ndo ilikuwa bei ya kujua naumwa nini.

Kuna jambo lingine nilisita kuliandika lakini naliandika, mana najua sipo peke yangu. Baba watoto ni dereva wa lori, mwezi mzima nyumbani anakaa siku nane au tisa. Kila akirudi ananikuta niko kwenye damu na mie sisemi, nasema kichwa, nasema nimechoka, nageukia ukutani. Mwenzangu akajua nimemchoka yeye. Tulifika mahali pa kubaya kabisa, wazee wakaitwa, na hata mbele ya wazee sikusema, niliona afadhali nionekane mke mbaya kuliko kutamka neno hedhi mbele ya baba mkwe. Mama mkwe akasema huyu ana jini mahaba, tukaenda kusomewa, nikanywa kombe. Dua naiamini mpaka kesho. Lakini yule maalimu sitamsahau, alinifunua jicho kwa kidole, akaona lilivyo jeupe ndani, akawaambia, "Huyu mpelekeni hospitali kwanza, akapimwe damu, halafu ndo mrudi." Hatukwenda. Tulisema mwezi ukiisha tutakwenda.

Dalili zote zilikuwepo na mie nazipita. Mchele mbichi, nilikuwa nachota kidogo kidogo kwenye gunia lililotoboka, natafuna mpaka meno yanauma. Barafu pia. Leo najua mwili ukipungukiwa madini ya chuma unaweza kutamani vitu visivyo chakula, udongo, barafu, mchele, na mtu akikuona anadhani una mimba. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nikipanda ngazi tu za stoo ya juu. Kucha zinakatika. Nikiinama nikiinuka naona nyota. Nikasema ni joto la Tanga.

Ilikuwa Jumatatu, lori la unga limeingia toka asubuhi, nimesimama mlangoni na daftari langu. Nakumbuka nimechora mstari wa nne nikitaka kufunga wa tano, nikasikia masikio yanavuma kama mawimbi ya Raskazone, mkono ukawa hausikii. Nilipofumbua macho niko chini kwenye vumbi la unga na damu imetapakaa sakafuni, nyeupe na nyekundu, na wanaume saba wamenizunguka. Kitu cha kwanza kilichonijia si kwamba nakufa, ni kwamba wameona. Nilijaribu kuvuta baibui kufunika sakafu. Basi mzee mmoja katika makuli, mtu wa makamo ya baba yangu, alivua kikoi chake cha kazini alichojifunga juu ya suruali, akanifunika, akawageukia wenzake akasema, "Geukeni huko, mmoja akaite bajaji." Hakusema neno lingine.

Hospitali ya kwanza, ya kulipia, walitaka kianzio ambacho hatukuwa nacho, tukageuza bajaji ile ile kwenda ya serikali. Wingi wa damu ukatoka 4.3. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu, na chini ya 8 wanahesabu ni upungufu mkali. Nesi alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Nikatakiwa kuongezewa damu siku ile ile na ndugu wakaambiwa waje kuchangia kurudishia benki. Kaka yangu akapiga simu kote, kila anayeuliza mgonjwa anaumwa nini anamjibu tumbo. Waliotokea wa kwanza walikuwa makuli watatu na vumbi la unga kichwani. Kaka akawaambia na wao tumbo, wakamwambia sisi tulikuwepo kaka, tuoneshe pa kutolea. Nilipewa chupa tatu.

Hapa niseme kidogo kwa wanaouguza. Damu ya kuongezewa hapa kwetu haiuzwi, ukiombwa hela ya damu omba risiti na uulize mbele ya watu. Na usisubiri mtu wako alale kitandani, mwanaume mzima wa afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4.

Nikaandikiwa utrasaundi. Hakuna aliyeniambia kwamba ile ya juu ya tumbo inataka kibofu kijae, nikatoka kukojoa kabisa ndo nikaingia, nikarudishwa nje kunywa maji lita moja na nusu na kukaa kwenye benchi saa mbili. Wewe nenda umekunywa maji tayari. Majibu yakatoka: uvimbe mitatu kwenye kizazi, mkubwa una sentimita 7 na mmoja mdogo umeingia kwa ndani ya mji wa mimba, na daktari akasema huo mdogo wa ndani ndo mchokozi kuliko mkubwa. Nililia nikijua ni saratani. Akanituliza pale pale, uvimbe wa namna hii karibu wote si saratani, wanawake wengi sana wanao na wengine hawajui maisha yao yote, shida ni pale unapomwaga damu au kubana viungo vingine. Nikamuuliza lile nililoambiwa mtaani, kwamba ukipasuliwa uvimbe huzai tena. Akasema unaweza kutolewa uvimbe na kizazi kikabaki, ila unaweza kuota tena, na nikibeba mimba nimwambie daktari mapema kwamba nimeshapasuliwa, huenda nikazaa kwa operesheni. Nimeandika maneno yake kwenye daftari nikiwa nimekaa mbele yake. Alingoja nimalize. Na nyinyi andikeni, mana ukifika nyumbani nusu yote imeshatoka kichwani.

Operesheni haikufanyika hapo hapo, ilibidi damu ipande kwanza. Miezi mitatu ya vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza damu siku zangu. Mwezi wa kwanza nikapima, imepanda kidogo mno. Nesi akaniuliza unameza na nini? Nikamwambia na chai, asubuhi, chai ya rangi na maandazi. Kumbe chai na kahawa zinazuia chuma kisiingie mwilini, na machungwa yanasaidia kiingie. Na sisi hapa machungwa ya Muheza yanamwagwa barabarani msimu ukifika! Basi nikawa nameza saa nne na chungwa moja, chai nimeisogeza mbali. Choo kitakuwa cheusi, usiogope ni hivyo vidonge, na tumbo litafunga, kunywa maji na ule mboga za majani. Mwezi wa tatu nikafika 11.2.

Sikuwa na bima. Operesheni, kulazwa, dawa na nauli za kwenda na kurudi zilikula 1,150,000. Kikoba kilinikopesha 400,000, bosi 300,000 za kukatwa kwenye mshahara mpaka mwakani yake, 450,000 baba watoto kauza pikipiki. Nilivyomwambia ukweli wote, tukiwa wodini, alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Miaka miwili?" Ndo hivyo tu. Lile swali mpaka leo nalisikia. Wiki sita sikunyanyua hata ndoo, yeye akaomba safari za karibu, akawa anachota maji na kufua mpaka zile za siri, akaanika uani juani mbele ya wapangaji. Mama mkwe akataka kusema, akanyamaza.

Sasa mie sikurudi nyumbani nikiwa na wazo la kuelimisha mtu. Nilitaka kulipa madeni tu. Kilichoniinua ni mtoto wa kaka yangu, kidato cha kwanza, alikuja kunisaidia kazi. Siku hiyo nikamwona anatoka dukani na paketi mbili za pedi, nikamuuliza za mwezi mzima? Akasema, "Za leo na kesho shangazi, kwani si ndo kila mtu?" Nilihisi mwili umekufa ganzi. Nikamkalisha tukahesabu, pedi 8 mpaka 10 kwa siku, siku 8, tangu mwezi wa kwanza wa kuvunja ungo, na kila mwezi anakosa shule siku tatu. Wifi akasema hata mimi hivyo hivyo, huo ndo ukoo wetu. Kumbe alisema kweli kuliko alivyojua. Hospitali daktari akauliza anatoka damu puani? Ndiyo, tangu mdogo. Wingi wa damu 7.9. Akaandikiwa vipimo vya kuganda kwa damu, vingine mpaka Dar, na ikaonekana damu yake inachelewa kuganda, ni kitu cha kurithi. Hana uvimbe, hana jini. Sasa hivi siku zake akianza ana dawa anameza, shule hakosi. Wifi naye akapimwa, umri wa miaka 38, watoto wanne, kila uzazi alikuwa anaponea chupuchupu.

Basi ndo nikaanza, mkeka uani kwangu, wasichana sita wa mtaa, Jumamosi alasiri. Halafu nikataka kwenda shule, na hapo nilikosea. Nilijivalia vizuri nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikarudishwa getini, na alikuwa na haki, mtu hawezi kuingia kwa watoto hivi hivi. Unatakiwa uandike barua halmashauri, kwa afisa elimu, useme utafundisha nini, na wakikubali ndo unapeleka nakala shuleni na kwa mtendaji. Ilichukua wiki tano. Tafuta muuguzi akubali kwenda na wewe, barua yenye mtaalamu inasogea haraka, na pia kuna maswali wewe hutayaweza.

Kosa la pili kubwa zaidi. Siku ya kwanza darasani nilisimulia yangu yote kama ilivyo, kuanguka, damu kwenye unga, 4.3. Nikadhani nawagusa. Msichana mmoja wa darasa la sita aliyekuwa kwenye siku zake siku hiyo hiyo akaanza kutetemeka na kulia kwamba atakufa, mwalimu wa malezi akasimamisha kipindi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu kuliko wa mshono. Mtoto yule alikuwa mzima kabisa na mie nimempa hofu. Toka siku hiyo naanza na uzima. Mwili unafanya nini na kwa nini, kwamba mwaka wa kwanza na wa pili siku kupishana ni kawaida, kwamba siku 2 mpaka 7 ni kawaida, maumivu kidogo ni kawaida. Ndo tunafika kwenye kiasi.

Kiasi naonesha kwa juisi ya rozela, mana rangi yake haiko mbali. Nachukua kijiko cha chakula. Hedhi nzima, tangu inaanza mpaka inakata, kwa kawaida ni kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili mpaka vitatu. Nawamiminia kwenye pedi taratibu waone. Ikipita mililita 80, vijiko vitano na kidogo, hiyo ni nyingi. Hakuna atakayepima vijiko nyumbani, kwa hiyo tunahesabu alama: pedi inaloa yote ndani ya saa moja au mbili tena na tena, unaamka usiku kubadili, mabonge makubwa kuliko sarafu ya 200, siku zinapita 7, unachoka na kuhema kwa kazi ndogo. Moja tu kati ya hizo ikijirudia, mwambie mtu mzima na ukapime. Kila msichana nampa daftari dogo, tarehe, na mstari mmoja kwa kila pedi iliyoloa, mitano unafunga. Njia yangu ya magunia. Ukienda kwa daktari na daftari lile hakuulizi mara mbili kama unatia chumvi.

Na maumivu nayo tunayasema. Maumivu ya kukukosesha shule kila mwezi si ya kuambiwa vumilia utazaa yataisha. Kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi, nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, duniani inakadiriwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao, na utrasaundi inaweza isiuone, kwa hiyo kipimo safi hakimaanishi mtu anadeka.

Wavulana walikuwa wanachungulia madirishani, mwalimu anawafukuza, nikaomba waingie. Wengi hawakucheka nilivyodhani. Mmoja aliuliza kama dada yake akilala chini na tumbo afanye nini. Nilimwambia mletee maji ya moto kwenye chupa na usimtangaze.

Kwenye madrasa niliogopa zaidi kuliko shule, lakini ustadhati mmoja alinifuata mwenyewe. Akanambia lile somo la hedhi na istihadha tunalolisoma lina mlango mkubwa wa afya na hatuufungui, kuna mwanamke katika zama za Mtume alikwenda kumuuliza kwamba damu yake haikatiki, na hakuona aibu kuuliza, akajibiwa huo ni mshipa si hedhi. Mwanamke alisema waziwazi miaka elfu moja na mia nne iliyopita na mie nilishindwa kumwambia mume wangu. Sasa ustadhati akimaliza kufundisha siku 15 za ibada anaongeza mwenyewe, ikipita siku 7 nenda ukapime.

Nina duku duku langu moja nalo nilitoe. Tarehe 28 Mei, siku ya hedhi duniani, iliyoanza kuadhimishwa 2014, watu wanakuja na maboksi ya pedi, picha, hotuba, wanaondoka. Pedi zinahitajika sana, sipingi, mtaani kwangu paketi ni 2,000 na kuna nyumba hiyo ni unga wa siku. Serikali iliwahi kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi, na mie kama mtu wa stoo najua punguzo linavyoweza kuishia njiani. Lakini mimi pedi nilikuwa nazo. Nilikuwa na hela ya kununua tisa kwa siku. Pedi ilikuwa inanificha tu nisijione naumwa. Kwa hiyo ukileta boksi la pedi, kaa na watoto nusu saa, na kabla hujaondoka nenda ukaangalie choo chao kama mlango una komeo na maji yapo, mana kuna shule nimekuta wasichana wanashikiana mlango.

Kazini bosi ametutengenezea choo cha wanawake chenye ndoo ya mfuniko na sabuni. Sikumwomba kwa maneno mengi, nilimwandikia kwenye daftari la mahitaji ya stoo, kati ya kamba na vibandiko.

Mwezi uliopita, jioni tunafunga, yule mzee wa kikoi alinisubiri nje. Tangu siku ile hatujawahi kuizungumza, tunasalimiana tu, shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Akatoa mfukoni daftari dogo nililogawa mimi, la mjukuu wake anayekaa naye, limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Mzee hajui kusoma, lakini mistari anaijua, maisha yake yote analipwa kwa mistari. Akaniwekea kidole kwenye ukurasa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii mitano mitano imefungwa mara nyingi. Imezidi?" Nikahesabu pale pale chini ya taa ya duka. Ilikuwa imezidi. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa kwenye benchi la hospitali watatu, mtoto katikati, na mzee kalishika lile daftari kwa mikono miwili akisubiri namba yake iitwe.